Andika Kwanza, Pokea Pesa Baadaye: Neno kwa Anayeuza Hadithi kwa Simu

Siku hizi kuna bidhaa nyingine inayolipiwa kwa simu, na haibebwi kwa gunia wala haipimwi kwa gorogoro. Ni hadithi. Mtu anaandika sura moja, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, anaikata pale pale mlango unapogongwa na hatujui nani amesimama nje, anamalizia na neno "itaendelea". Chini yake kuna namba ya simu na bei. Tanzania jambo hili limezoeleka kitambo. Simulizi zinaanza bure kwenye Facebook, halafu anayetaka mwendelezo analipia kidogo na kutumiwa. Huku kwetu Kenya nako waandishi wanazidi kujaribu, na si wa Nairobi peke yao. Mtu akiwa Tulia, Kitui, na simu yenye chaji na bando kidogo, hana haja ya kupanda gari kwenda kumbembeleza mchapishaji mjini. Msomaji wake anaweza kuwa Wote, Mombasa au Doha, na pesa ikafika kabla chai haijapoa.

Sisi tulio upande wa malipo tunalifurahia jambo hili. Lakini wacha tuseme ukweli: biashara hii inaharibikia mahali pamoja mara nyingi, na mahali penyewe si kwenye kalamu. Ni pale mwandishi anapopokea pesa ya sura ambazo hajaziandika. Watu arobaini wamelipia hadithi nzima, yeye yuko sura ya sita, mtoto ameugua, mvua imenyesha na shamba linangoja jembe, kichwa kimekauka. Wiki inapita kimya. Ya pili pia. Kwenye kundi mtu anauliza, "Kwani hii story iliishia wapi?" Hapo hadithi imekwisha, hata kama haijaisha.

Maoni yetu ni haya, na tutayatetea hadi mwisho wa makala: usipokee hata bob kumi ya sura ambayo bado haijaandikwa. Ili uweze kuishi na sharti hilo, unahitaji mambo mawili: kuandika kidogo kila siku, na kuweka akiba kabla ya kufungua duka. Mengine yote ni mepesi.

Jambo hili si geni, na si la wageni

Wapo watakaosema kwamba kuuza hadithi vipande vipande kwa bei ya maandazi ni kuishusha hadhi kazi ya fasihi. Tunawaomba watazame Makueni, jirani hapo tu. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, hakungoja kampuni kubwa za vitabu zimkubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake Nairobi, Comb Books, akachapisha vitabu vidogo vya kuingia mfukoni ambavyo mtu wa mshahara mdogo aliweza kununua. "Unfit for Human Consumption" kilitoka 1973, "After 4:30" kikatoka 1974. Kabla ya hapo, mwaka wa 1972, alikuwa ametoa kitabu cha Kikamba, "Ki Kyambonie". Wasomi wengi walivinyoosha kidole vitabu vyake vya mapenzi na pombe, na Tanzania ikavipiga marufuku mwaka wa 1976. Lakini watu wa kawaida, wale ambao walidhaniwa hawasomi, walivinunua. Hilo ndilo tunalotaka likumbukwe: msomaji alikuwepo muda wote. Kilichokosekana kilikuwa kitabu cha bei yake, kinachozungumza mambo yake, kinachomfikia alipo.

Na kuhusu kuuza vipande, Charles Dickens wa Uingereza alianza hivyo hivyo. Riwaya yake ya kwanza, "The Pickwick Papers", ilianza kutoka 1836 kwa sehemu za kila mwezi, shilingi moja ya Kiingereza kila sehemu. Mtu asiyeweza kununua kitabu kizima aliweza kutoa shilingi moja kwa mwezi. Kufikia mwisho, karibu nakala 40,000 za kila sehemu zilikuwa zikiuzwa. Shilingi hiyo haikumshusha Dickens hadhi.

Tofauti yetu na Dickens ni kwamba yeye alihitaji mtambo wa chapa, karatasi na watu wa kusambaza. Wewe unahitaji simu. Basi kazi ngumu iliyobaki ni ile ambayo hata yeye hakuikwepa: kuandika, tena na tena, siku ambayo hujisikii kuandika.

Maneno 500, kama mzunguko wa kiondo

Mtazame mama anayesuka kiondo. Haanzi asubuhi akisema leo lazima nimalize. Anaanzia kwenye kitako, anazungusha mkonge mstari mmoja, anaongeza wa pili. Anasuka akitembea kwenda sokoni, akingoja zamu ya maji, akipiga gumzo na jirani. Baada ya wiki kadhaa kiondo kimesimama, na ukimuuliza ni siku gani hasa alifanya kazi kubwa, hawezi kukuonyesha. Hakuna siku kubwa. Kuna siku nyingi ndogo.

Wanaotaka kuandika riwaya hukosea hapa. Wanangoja wikendi isiyo na matanga, isiyo na harusi, isiyo na mkutano wa chama. Hiyo wikendi haipo Ukambani, na haipo kwingine pia. Ikija, mtu anaandika maneno 4,000 kwa siku moja, anajisifu, halafu hagusi kazi mwezi mzima. Akirudi amesahau mhusika wake alikuwa amevaa nini na alikuwa na hasira na nani. Nusu ya muda inaenda kusoma upya.

Sisi tunapendekeza maneno 500 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ni kama kurasa mbili za daftari la kawaida. Kwa wiki hiyo ni maneno 3,000, yaani sura mbili za maneno 1,500 kila moja, urefu ambao mtu anausoma kwa simu akiwa kwenye matatu bila kuchoka. Kwa wiki 11 una maneno 33,000 na sura 22. Hiyo ni riwaya fupi kamili, na hukuwahi kuandika zaidi ya kurasa mbili kwa siku.

Aliyethibitisha kwamba mtu mwenye kazi nyingine anaweza ni Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mfanyakazi wa Posta. Alikuwa akiandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa yake ikiwa mezani, akijidai maneno 250 kila robo saa, na akahesabu maneno yake kama mwenye duka anavyohesabu sarafu. Alimlipa mtumishi wake ziada ya pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe kwa kahawa. Kwa mwendo huo aliacha riwaya 47. Hatusemi uamke saa kumi na moja na nusu ya alfajiri kama yeye. Huenda saa hiyo ndiyo ya kukamua ng'ombe. Tunasema chagua saa moja ambayo ni yako, na uilinde.

Mambo machache yanayoongeza maneno bila kuongeza saa:

Kwanza, acha kazi ya leo ukiwa bado unajua kinachofuata. Usiimalize sura ukafunga daftari. Andika mistari miwili ya sura inayofuata, ndipo ufunge. Kesho hutaanza na ukurasa mweupe unaokukodolea macho.

Pili, tenga kuandika na kusahihisha. Saa ya kuandika si saa ya kutafuta kama neno ni "dhaifu" au "zaifu". Weka alama, endelea. Siku ya saba, kabla ya kutuma chochote, ndiyo siku ya kusafisha.

Tatu, kama mikono imechoka, ongea. Jirekodi ukisimulia sura njiani ukitoka shambani, jioni uiandike. Wengi wetu tumekua tukisikiliza hadithi kabla ya kusoma. Mdomo unajua njia ambayo kalamu haijui. Tena rekodi hiyo hiyo ukiisafisha inaweza kuuzwa kwa wale wasiopenda kusoma maandishi madogo kwenye simu. Wazazi wetu wengi wako hapo.

Nne, zima data unapoandika. Hili halihitaji maelezo.

Tano, hesabu. Andika kwenye kalenda ya ukutani idadi ya maneno ya kila siku. Siku ya sifuri iandikwe sifuri. Mtu haoni uvivu wake mpaka auone kwa wino.

Jaza ghala kabla ya kufungua duka

Kila mkulima wa Kitui anajua maana ya kuuza ndengu zikiwa bado maua. Karo imekubana, broka amefika, anakupa pesa mkononi kwa bei yake. Ndengu zikikauka ni zake. Na zisipozaa, una deni. Mwandishi anayeuza "hadithi nzima" akiwa na sura tatu tu anafanya jambo lile lile, ila safari hii yeye ndiye amewauzia watu maua.

Ndiyo maana tunasema kwanza ujaze ghala. Usitangaze hadithi mpaka uwe na sura 10 zilizoandikwa na kusafishwa. Kwa mwendo wa maneno 500 hiyo ni kazi ya wiki tano. Ndiyo, wiki tano bila kuingiza hata shilingi. Inauma. Lakini angalia kinachotokea baada yake. Unaanza kutuma sura mbili kwa wiki, na unaendelea kuandika sura mbili kwa wiki. Ghala halipungui. Ukiugua wiki mbili, unatuma kutoka kwenye akiba, zinabaki sita, msomaji hajui hata kama ulikuwa hospitalini. Ukipata nafuu unaendelea.

Dickens mwenyewe hakuwa na ghala. Alikuwa akiandika kila mwezi kile cha mwezi huo. Mnamo Mei 1837 shemeji yake, msichana mdogo aliyempenda sana, alifariki ghafla, na sehemu ya Pickwick iliyokuwa ikifuata haikutoka. Yeye alikuwa tayari na jina kubwa na wasomaji walimngoja. Wewe wa sura ya sita, ukipotea mwezi mzima, nani atakungoja? Na zaidi ya hapo, wasomaji wa Dickens walilipa wakipokea karatasi mkononi. Wako wamelipa tayari.

Kuna faida nyingine ya ghala ambayo watu hawaisemi. Ukiwa na sura kumi mbele, unaweza kurudi sura ya pili na kupanda kitu ambacho sura ya tisa inakihitaji. Bastola itakayofyatuliwa mwishoni ionekane kabatini mwanzoni. Anayeandika na kutuma siku hiyo hiyo hana nafasi ya kurudi nyuma. Kosa limeshaenda kwa watu.

Bei: tuhesabu pamoja

Tuchukue mfano wa sura 22. Sura mbili za kwanza toa bure. Hizo ni za kuonja, kama muuza maembe anavyokukatia kipande. Zilizobaki 20 zigawe mafungu manne ya sura tano tano. Fungu moja liuze shilingi 50, yaani bob kumi kwa kila sura. Na hapa ndipo sharti letu linafanya kazi: fungu haliuzwi mpaka sura zake zote tano ziko tayari.

Tuseme watu 60 wamelipia fungu la kwanza. Si wote watafika mwisho. Hiyo ni kawaida. Tuweke 48 kwa fungu la pili, 40 kwa la tatu na 36 kwa la nne. Jumla ni malipo 184, na mara 50 ni shilingi 9,200. Toa bando, toa chaji. Si pesa ya kuacha kazi. Ni pesa ya karo ya muhula kwa shule ya kutwa, au ya kununua simu nzuri kidogo ya kuandikia. Na una kitu ambacho hukuwa nacho: watu 36 walioifuata hadithi yako hadi mwisho na watakaouliza, "Nyingine inatoka lini?"

Kwa nini 50 na si 200? Sababu moja iko kwenye ada. Mnamo Machi 2020, wakati wa Korona, ada za kutumiana pesa hadi shilingi 1,000 ziliondolewa hapa Kenya. Mwisho wa mwaka huo zikarudi, lakini kutuma shilingi 100 kushuka chini, mtu kwa mtu, kukabaki bila ada. Msomaji anayekutumia 50 anatoa 50, basi. Hakuna senti inayoliwa njiani. Ukiweka bei ya 120, umemuongezea gharama ambayo haikufaidi wewe wala yeye. Kama unapokea kwa Till au kutoka mtandao mwingine, au msomaji yuko nje ya nchi, angalia kwanza ada zinazokatwa upande huo ndipo upange bei.

Sababu ya pili ni moyo wa mnunuzi. Shilingi 50 mtu anazitoa bila kuitisha kikao nyumbani. Na akitoa mara nne akiwa ameridhika kila mara, ni mteja. Akitoa 200 mara moja akakatishwa tamaa, ni adui mwenye simu.

Ukishapokea, usikimbie kwa wakala kila jioni. Ada ya kutoa pesa hupangwa kwa viwango, na kutoa kidogo kidogo mara tano hukugharimu zaidi ya kutoa jumla ile ile mara moja. Acha zikusanyike, toa kwa siku moja uliyochagua, au lipa moja kwa moja kutoka kwa simu.

Pesa ikiingia

Tenga pesa ya hadithi na pesa ya nyumbani. Ukiweza, kuwa na laini nyingine au akaunti ya biashara ndogo ya kupokelea. Zikichanganyika na za unga, hutajua kama hadithi inakulipa au inakula bando lako tu.

Weka daftari lenye safu nne: tarehe, jina, fungu alilolipia, na kama ametumiwa. Usitegemee kumbukumbu. Mtu akilipa saa tano usiku na wewe ukalala, asubuhi daftari litakukumbusha. Taarifa ya miamala unaweza kuiomba kwenye menyu ya simu yako. Ilinganishe na daftari kila Jumapili.

Usitume sura kwa sababu umeona ujumbe. Tume kwa sababu umeona salio. Wapo wanaotunga SMS inayofanana kabisa na ya malipo na kuituma kutoka namba ya kawaida. Ujumbe wa kweli unatoka kwa jina la huduma, si kwa namba ya mtu, na salio lako linapanda. Dakika moja ya kuangalia salio inatosha.

Na kuna huyu mwingine: anapiga akilia kwamba amekutumia pesa kimakosa, umrudishie haraka kwa namba nyingine. Usirudishe mwenyewe, na hasa si kwa namba tofauti. Mwambie afuate utaratibu wa kurudisha muamala kwa mtoa huduma wake. Kama kweli alikosea, atasaidiwa. Kama ni mwizi, hutamsikia tena.

Wasomaji ni wako, lakini namba zao si mali yako

Kuna wanaouliza kwa nini ujisumbue na makundi na daftari wakati zipo programu kubwa za kuuzia hadithi. Zitumie, hatukatazi. Lakini kumbuka nyumba ya kupanga ina mwenyewe. Amazon ilifungua Kindle Vella mwaka wa 2021, mahali pa kuuzia hadithi sura kwa sura huko Marekani. Mapema 2025 ikafungwa. Waandishi walioweka kila kitu humo walilazimika kutafuta wasomaji wao upya. Orodha yako ya wasomaji, iliyoandikwa kwa mkono wako, hakuna anayeweza kuifunga.

Kama unatumia WhatsApp, jua tofauti. Kwenye kundi, kila mtu anaona namba ya mwenzake. Mama wa watu anayesoma hadithi yako ya mapenzi hakukubali namba yake ionekane na wanaume asiowajua. Orodha ya matangazo inamfikia kila mmoja peke yake, ila ujumbe utamfikia tu kama ameihifadhi namba yako. Basi mwambie aihifadhi anapolipa mara ya kwanza. Na usigawe wala kuuza orodha hiyo kwa mtu yeyote, hata anayetoa mkopo, hata mwanasiasa wa msimu. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na namba ya mtu ni data yake. Hata bila sheria, ni heshima.

Halafu kuna wanaosambaza bure

Utalipiwa na mtu mmoja, naye atawatumia kumi. Hili litatokea. Kazi yako ni mali yako kisheria tangu ulipoiandika, na unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ili uwe na ushahidi. Tunashauri usajili hadithi ikikamilika. Lakini hatushauri umalize nguvu zako ukifukuzana na kila aliyesambaza sura ya nne. Weka jina lako na namba ya kulipia mwanzoni na mwishoni mwa kila sura. Sura iliyosambazwa ikiwa na namba yako ni tangazo ambalo hukulilipia. Anayesoma bure leo, kesho atakuwa na haraka ya kujua nani alimuua mzee, na sura hiyo iko kwako tu.

Hapo ndipo hadithi ya vipande inapolinda mwenye nayo kuliko kitabu kizima. Aliyeiba fungu la kwanza bado hana la pili.

Ukishindwa, rudisha

Tunarudi kwenye sharti letu, kwa sababu hata mwenye ghala anaweza kukwama. Hadithi inaweza kukufia mkononi sura ya kumi na nne. Ukifuata utaratibu wa mafungu, hasara ni ndogo: kila aliyelipa amepata alicholipia, na hakuna deni. Unawaambia wazi kwamba hadithi imesimama, na wanaamua kama watakungoja.

Lakini kama tayari umepokea pesa ya sura ambazo hazipo, zirudishe. Usiandike maelezo marefu kuhusu changamoto za maisha. Fungua daftari, anza na jina la kwanza, tuma 50, weka alama. Kwa kiwango hicho hukatwi ada ya kutuma, kwa hivyo hakuna kisingizio cha gharama. Jioni moja inatosha kwa watu arobaini.

Tunasisitiza hili kwa sababu ya mahali kama Tulia. Mjini mtu anaweza kupotea na pesa za watu na asikutane nao tena. Sokoni Tulia, aliyekulipa 50 atakutana nawe kwenye mizani ya ndengu, kanisani, kwenye foleni ya kisima. Na atasema. Lakini ubaya huo una uzuri wake: anayetimiza ahadi naye atasemwa. Mwandishi anayetuma sura Jumanne na Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe, kwa wiki kumi mfululizo, hahitaji matangazo. Watu watamlipa kabla hajawaomba, na yeye atawaambia wangoje, fungu linalofuata halijakamilika bado.

Mwishowe, kama kawaida yetu: PIN yako usimpe mtu yeyote. Si msomaji, si wakala, si mtu anayepiga akisema ni sisi. Sisi hatuulizi PIN.